Meza ya Vyakula Vinavyoua

Jumatatu, 3 Juni

Leo Nesi Falanika kaja kwenye mkutano wa kamati ya wanawake. Kaleta habari! Jumamosi ya wiki ijayo kuna maonyesho ya afya kwenye nyumba ya mikutano. Kijiji kizima kije. Anasema amechoka kutuhubiria sukari na presha, maneno yanaingia sikio hili yanatokea lile. Sasa watu wataona kwa macho. Meza mbili: moja ya vyakula vinavyojenga, moja ya vyakula vinavyoua. Na daktari mkubwa atatoka mji mkuu, Apia, kuja kutazama.

Halafu ndiyo likaja lile neno lenyewe. Mwanamke atakayeeleza meza yake vizuri kumshinda mwenzake ataondoka na nesi kwa feri kwenda kisiwa cha Savaii, kuzungusha maonyesho kwenye vijiji vya huko. Kijiji cha mwisho ni kwetu. Kwa mama yangu! Nikataka kuruka. Nikakumbuka nimempakata mtoto.

Mama hajamshika Manino hata siku moja, na Manino sasa anakaa mwenyewe na ana meno mawili. Kwenye simu picha inaganda. Mama anaona pua tu. Juzi kaniambia pua ni ya kwetu, mengine hawezi kuyasemea.

Na mke aliyeolewa hapa haamki tu asubuhi akaenda kwao. Lazima kuwe na sababu: msiba, harusi, au kazi ya kamati. Msiba hatuna, Mungu ashukuriwe. Harusi hakuna. Imebaki kamati.

Meza ya vyakula vinavyojenga kapewa wifi yangu Tilomai. Ana sauti nzuri, tena alimaliza sekondari. Mimi niliyeishia darasa la nane nikapewa vinavyoua: nyama ya kopo, mikia ya bata mzinga, tambi za pakiti, soda. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja wa nyuma akasema basi yeye atakaa kwangu, kwa Siaula, ndiko kwenye nyama!

Cheka, cheka. Nitawaonyesha. Si ndiyo maana yanaitwa maonyesho?


Jumanne, 4 Juni

Nimewaza mchana kutwa. Jibu: mnara. Makopo mawili matatu mezani ni duka. Makopo kumi na mawili yaliyopangwa kwenda juu ni mahubiri.

Mama mkwe ana katoni zima chini ya kitanda chake. Lilitoka kwenye msiba wa binamu yake, analiweka kwa ajili ya siku ya kumpelekea mchungaji zawadi. Nikamwendea nikiwa nimembeba Manino. (Kumwendea bila Manino ni kupoteza muda.) Nikamwomba aniazime. Akanitazama kama nimemwomba figo. Halafu Manino akamshika kidole, akalainika. Nichukue, lakini yarudi yote, kama yalivyo.

Wifi kashuka kutoka shamba na majimbi makubwa kama vichwa vya watoto. Kayaosha. Kayapaka mafuta ya nazi yang'ae! Huo si udanganyifu?


Alhamisi, 6 Juni

Nimejenga mnara wa majaribio kwenye kona ya nyumba. Mzuri! Nikaenda kufua nepi. Narudi, mnara mfupi.

Nikamuuliza mama mkwe. Akasema eti lile kopo la chini lilikuwa limelegea, lingemwangukia mtoto, kwa hiyo kaliondoa. Nikauliza kaliweka wapi. Akajifuta mdomo. Na huyu ndiye nesi kamkataza chumvi na mafuta! Ndiye mwenye kidonda cha mguu kisichopona!

Jioni mzee wa kanisa akapita kutusalimia. Mgeni hapewi majimbi matupu. Mume wangu Lautafi akaniangalia, akauangalia mnara, akaniangalia. Basi, yakaenda mawili.

Yamebaki tisa. Kwa mwendo huu Jumamosi ya maonyesho nitasimama mbele ya daktari na kopo moja na huzuni yangu.


Ijumaa, 7 Juni

Nimepata! Wazo limekuja nikinyonyesha. Mawazo yangu mazuri yote huja nikinyonyesha.

Nani anaona ndani ya kopo? Hakuna! Watu wanaona karatasi ya nje, yenye ile picha ya ng'ombe. Basi nafungua makopo kwa chini, natoa nyama, najaza mchanga, naziba kwa utomvu wa mshelisheli. Mama yangu huziba mtumbwi kwa utomvu huo, na mimi tangu utoto nimeziba nao kila kitu: ndoo, sandali, hata jino la babu mara moja. Ukikauka umekauka. Maonyesho yasiyolika!

Nikamweleza Lautafi. Akacheka mpaka akashika nguzo. Halafu akauliza hiyo nyama itakayotoka ataila nani. Nikasema sisi. Akaacha kucheka. Akasema, mama Manino, sasa naona kuna hekima ndani yake.

Mama mkwe hakuona tatizo lolote. Akasema siku ya mchungaji bado mbali, na Mungu ataleta katoni lingine, watu hawaachi kufa.


Jumamosi, 8 Juni

Tumekula nyama ya kopo asubuhi na mchana. Hata yale makopo matatu yaliyoliwa mwanzo nimeyapata jalalani, nimeyageuza, yaliyofunguliwa juu yamekuwa chini. Mama mkwe anasema tangu azaliwe hajawahi kuipenda elimu ya afya kama wiki hii. Najua, najua. Lakini ni kwa ajili ya umma.

Jioni nikaenda pwani kuchota mchanga. Nikachelewa. Baragumu la sala likalia nikiwa katikati ya barabara na ndoo! Wakati wa sala ya jioni hapa hakuna ruhusa ya kutembea, basi vijana walinzi wa barabara wakanikalisha chini palepale, ndoo mapajani, mpaka sala iishe. Mmoja akaninong'oneza ule mchanga ni wa nini. Nikasema wa mtoto kuchezea. Akasema mtoto wangu atakuwa na bahati, bahari nzima iko pale na bado analetewa nyumbani.

Niliomba kwa bidii. Niliomba yule kijana anyamaze.


Jumanne, 11 Juni

Makopo yote kumi na mawili yamezibwa. Ukiyatikisa hayasemi kitu. Nimempa Lautafi moja la mchanga na moja la duka, akafumba macho, akapima, akashindwa kutofautisha. Mimi ni fundi!

Wifi hajui lolote. Leo kanishikia Manino saa nzima nikijifanya natengeneza mkeka nyuma ya jiko. Kamwogesha, kamsuka, kamfundisha kupiga makofi. Mpinzani wangu mwenyewe ananilelea mtoto. Inanitia aibu kidogo. Halafu nikamsikia anamfundisha Manino wimbo wake wa papai, ule watakaoimba watoto wa shule ya Jumapili siku ya maonyesho. Aibu ikaniisha.

Wimbo wa papai! Mimi nina nini? Nikakaa nikaandika kadi kwa wino mweusi: HII INAUA FIGO. HII INAZIBA MOYO. HII INAKATA MGUU. Juu ya zote kubwa moja: KIFO.

Mama mkwe akaja akasimama nyuma yangu akisoma. Alipofika kwenye ya mguu akaishia hapo. Akaangalia kitambaa kilichofungwa mguuni kwake. Akaenda kulala.

Hiyo kadi nimeichana.


Alhamisi, 13 Juni

Asubuhi mama mkwe kaomba papai. Sikumuuliza kwa nini. Nimemkatia, nikamkamulia ndimu. Akala lote, akasema halina chumvi. Nikamwambia ndiyo sifa yake. Akasema hata marehemu mumewe hakuwa na chumvi, na alimzoea.


Jumamosi, 15 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nianze na asubuhi. Asubuhi ilikuwa nzuri! Meza yangu mbele upande wa kulia, mnara unang'aa, chini yake boksi la barafu lenye mikia ya bata mzinga, pembeni soda na tambi. Hivyo vyote vya kweli, tumechangiwa na duka la njia panda. Kadi zangu mbele. Watu wamesimama mistari mitatu kwenye meza yangu! Kwa wifi wamesimama watoto wa wimbo tu.

Daktari Seulupe, mtu mnene mpole, akafika na nesi, akakaa chini kwenye nguzo ya wageni, mahali pa heshima. Hapo Bibi Faamanu, mwenyekiti wa kamati, ndiyo akaziona kadi zangu. Akanijia mbio. Eti nina wazimu? Mgeni wa heshima ametoka Apia, kakaa chini, mimi nimemwekea KIFO mbele ya uso? Nikajaribu kumweleza kuwa ndiyo somo lenyewe. Akasema somo litaanza mgeni akishakaribishwa. Akazoa kadi zote, akazikalia.

Basi. Mezani yakabaki makopo, boksi na soda. Bila neno.

Na Mzee Taligi, msemaji wa kijiji anayetangaza zawadi za wageni, akachelewa kuja. Macho yake siku hizi hayaoni mbali, na mkutano wa maonyesho hakuhudhuria. Anaingia, anaona nini? Mgeni mkubwa amekaa. Mbele yake nyama ya kopo imepangwa mpaka juu, boksi la nyama, katoni za soda. Maisha yake yote mzee huyu, vitu vikipangwa hivyo mbele ya mgeni vina maana moja tu: zawadi yake.

Akatoka nje na fimbo yake. Akavuta pumzi. Nikaelewa. Nikataka kupiga kelele, akanitangulia.

"Tazameni heshima iliyotoka kwa kina mama wa kijiji! Nyama ya kopo! Makopo kumi na mawili!"

"Malo!" watu wakaitikia, ndiyo pongezi yetu. Mazoea!

"Mikia ya bata mzinga! Boksi zima!"

"Malo!"

Akataja soda. Akataja tambi. Mapapai ya wifi hakuyataja. Nani anampa mgeni papai?

Nesi akafunika uso kwa mikono yote miwili. Daktari akawa kama mtu aliyemezwa na nzi badala ya kummeza. Lakini kitu kikishatangazwa hakirudi. Kukikataa ni kukitemea mate kijiji. Akasimama, akatushukuru kwa maneno matamu, akisema hakustahili. Vijana wakabeba vyote wakavipakia kwenye gari lake. Na mnara wangu! Mmoja wao, yule wa ndoo, akalipima kopo mkononi, akaniangalia, akaangalia upande wa pwani. Akalipakia.

Mimi nimempa mgeni wa kijiji makopo kumi na mawili ya mchanga. Akilifungua moja tu, jina la ukoo wa mume wangu litakuwa tope, na baraza la wazee litatutoza faini ya nguruwe.

Ilipofika zamu ya kueleza, wifi akaeleza meza yake. Mimi sikuwa na meza. Meza yangu ilikuwa imepanda gari.

Nesi akatangaza wifi ndiye atakayekwenda Savaii. Akanishika bega, akasema nilikuwa nimejaza watu wengi kuliko yeye miaka yote. Nikaenda jikoni nikalia, nikasingizia moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.


Jumapili, 16 Juni

Kanisani sikusikia neno. Lautafi kaambiwa yote. Hakucheka safari hii. Kasema nimpigie daktari nikiri. Nikasema nitampigia nesi. Kukiri kwa hatua.

Nikampigia. Nikamwambia, Nesi, tafadhali, mwambie daktari yale makopo asiyale, si mazuri. Nesi akacheka sana. Akasema jamani Siaula, yule ni daktari, anajua! Nyama na soda kavigawa njiani. Makopo yote kampa mchungaji mmoja kule kwenye gati la feri, aliyekuwa anavuka kwenda kuzika.

Nikafurahi nikamrusha Manino juu. Yamekwenda! Hayapo! Nikala vizuri mchana.

Saa kumi nikawaza: amevuka kwenda wapi?


Jumatano, 19 Juni

Wifi kaondoka na nesi. Kabla hajapanda gari kaja kuniuliza ninamtuma nini kwa mama. Nilikuwa nimejiandaa kumnunia. Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri! Lakini akamchukua Manino akambusu nyayo zote mbili, akasema, wifi, hii safari ilikuwa yako, mimi sauti tu ndiyo imenibeba. Nuno likayeyuka.

Nimempa soksi za Manino ambazo hazijafuliwa. Mama apate harufu.


Ijumaa, 21 Juni

Mama kapiga simu asubuhi na mapema. Picha ikaganda kwenye jicho lake, na lile jicho tu likatosha kunitia hofu.

Akaniuliza kama ni mzima. Nikasema mzima. Akauliza mtoto mzima. Mzima. Akauliza kama bado naziba vitu kwa utomvu.

Nikaketi.

Kumbe marehemu ambaye yule mchungaji alikwenda kumzika ni wa kijiji cha mama! Makopo kumi na mawili yametangazwa msibani, yamegawiwa kwa heshima, kila ukoo na lake. La mzee mkubwa wa kijiji likafunguliwa jana mbele ya wageni. Mchanga! La pili, mchanga! Watu wakadhani ni laana. Wengine wakataka kuomba. Mama akaligeuza kopo, akaona mzibo wangu, ule wa kupitisha kidole gumba mara mbili. Anasema alinyamaza kama mama anavyonyamaza. Shangazi yangu ndiye hakunyamaza.

Mchana wazee wa kule wakawapigia wazee wa huku. Nikaitwa barazani. Nikaeleza kila kitu, kuanzia mnara. Mzee Taligi aliyatangaza yeye mwenyewe, kwa hiyo hakuwa na hamu ya kurefusha mambo. Nguruwe tukasamehewa. Lakini hukumu ikatoka: msiba wa watu umetiwa aibu, basi aliyefanya aende mwenyewe mpaka Savaii akaombe radhi uso kwa uso, na makopo kumi na mawili ya kweli. Na kwa kuwa ananyonyesha, aende na mtoto.

Nikainamisha kichwa. Nikafunika uso kwa kanga. Bibi Faamanu akaniambia nisilie sana, ni mambo ya dunia.

Sikuwa nalia!

Mama mkwe amesema anakwenda na mimi. Mkwe wake akiomba radhi, lazima awepo mtu mzima wa kusema. Makopo katafuta mwenyewe kwa ndugu zake, jioni yalikuwa yamekamilika. Kayatikisa moja moja sikioni.


Jumatatu, 24 Juni

Nimefika kwetu.

Feri ilitutikisa, mama mkwe akaimba nyimbo za kanisa njia nzima ili asitapike. Mama alikuwa amesimama barabarani. Sijui tangu saa ngapi. Hakunisalimia. Alimchukua Manino kutoka mikononi mwangu, akamtazama kuanzia utosini mpaka chini, akamfungua nepi akahakikisha na huko, akasema, "Mengine pia ni ya kwetu." Mpaka sasa ninapoandika hajamweka chini. Anakula kwa mkono mmoja.

Kuomba radhi kumekuwa kufupi. Nilikaa chini mbele ya wazee, mama mkwe akasema maneno mazito, makopo ya kweli yakawekwa mbele. Mzee mkubwa akayatazama makopo moja moja. Mwishowe akauliza swali moja: mtu mzima anajaza kopo mchanga kwa sababu gani? Nikasema, kwa sababu mama mkwe wangu angekula nyama yote. Mama mkwe akasema ni kweli kabisa. Wazee wakacheka mpaka mmoja akalala chali.

Basi wanawake wakanizunguka, wanataka kujua hiyo meza ilikuwaje. Makopo ya mchanga yalikuwepo bado, walikuwa wameogopa kuyatupa. Nikayapanga. Mnara! Nikaeleza figo, nikaeleza moyo. Nikafika kwenye mguu, nikasita. Mama mkwe ndiye akasogea mbele. Akafungua kitambaa, akawaonyesha kidonda chake, akasema mwenyewe: mguu huu ni wa nyama ya kopo, na hata wiki mbili zilizopita nimekula, na nilifurahi, na sasa naogopa. Hakuna aliyecheka. Nesi na wifi walikuwa wamefika, wamesimama nyuma na mapapai yao, wanasikiliza. Wifi alikuwa analia.

Kule jikoni, wakati huohuo, ndugu zangu wanafungua makopo ya radhi kwa chakula cha mchana. Wageni hawapewi majimbi matupu.


Alhamisi, 27 Juni

Kesho tunarudi. Mama amemfundisha Manino kumwita. Anasema "ma", na mama anasema hilo lake, si langu.

Nesi kanikalisha pembeni leo. Anasema Agosti ana maonyesho mengine, ya mbu na homa, yatazunguka Savaii tena, na anataka nimsaidie mimi na wifi pamoja. Lakini sharti moja. Kila kitu kiwe cha kweli. Hakuna mchanga, hakuna utomvu, hakuna ujanja. Niape. Nikaapa, mkono juu ya kichwa cha Manino.

Tena anasema kweli nesi. Nimejifunza. Vitu bandia vinaleta balaa tu. Watu wanataka kuona kitu chenyewe, kikiwa hai.

Sasa mbu wa kweli unawapata wapi, wa kutosha, tena siku moja, tena wakubwa? Nimewaza wakati Manino akinyonya. Nyuma ya nyumba yetu kuna tangi la maji la mama mkwe. Nikiliacha wazi kuanzia Julai, kidogo tu, bila kumsumbua mtu, na majani machache ndani ya kuwalisha watoto wa mbu, Agosti nitakuwa na mbu ambao Samoa haijapata kuwaona.